Rubani wa Chombo cha Nyotani Huanzia Kwenye Tanki

Rasimu nyingi za hadithi za kisayansi humwingiza rubani kwa mlango uleule. Ana miaka 28, kovu shavuni, mdomo hauna breki, na hakuna anayemfikia kwa kuendesha. Kufikia ukurasa wa tatu anapenya katikati ya mawe ya angani, anakata kona kama dereva wa daladala aliyemwona trafiki. Inasisimua kidogo, kisha inapoa. Inapoa kwa sababu rubani huyo anaweza kila kitu, na anayeweza kila kitu hana la kuamua. Mhusika wa namna hiyo ni bapa hata umpake makovu kumi.

Anza na chombo, mtu atafuata. Kabla hujampa jina, jua tanki lina nini, kompyuta imemwachia nini cha kufanya kwa mkono, na ndani ya chumba kile nani mwenye kauli. Tabia zake nyingi zitatoka humo bila wewe kuzitafuta.

Tanki

Mwaka 1903 Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi alichapisha mlinganyo ambao mpaka leo ndio bosi wa kila anayeruka angani. Kwa maneno ya kawaida unasema hivi: jumla ya mwendo unaoweza kuongeza au kupunguza safari nzima inategemea kasi ya kinachotoka nyuma ya injini, na uzito wa chombo kikiwa kimejaa ukilinganishwa na uzito wake tanki likiwa tupu. Ubaya ni kwamba gharama haijumlishwi, inazidishwa. Kila ukitaka mwendo mwingine unaolingana na kasi ya kile kinachotoka nyuma, zidisha uzito wa kuanzia kwa 2.72.

Chukua injini ya haidrojeni na oksijeni. Hewa yake ya moto hutoka kwa kilomita 4.4 hivi kwa sekunde. Ukitaka kubadilisha mwendo kwa kilomita 9 kwa sekunde, katika kila tani 100 zinazoondoka, 87 ni mafuta. Hapo hujaenda mbali. Ni kama umefika kwenye mzingo wa Dunia tu.

Sasa panda ngazi uende nyotani. Mpe rubani wako injini ya muungano wa nyuklia, ambayo bado haijaundwa, inayotema kwa kilomita 10,000 kwa sekunde. Anataka kufikia asilimia 10 ya mwendo wa nuru, yaani kilomita 30,000 kwa sekunde, halafu asimame akifika. Kupanda 30,000, kushuka 30,000, jumla 60,000. Hiyo ni mara sita ya kasi ya injini, kwa hiyo 2.72 inajizidisha mara sita: 403. Kwa kila tani moja inayofika, tani 403 ziliondoka. Wataalamu wa British Interplanetary Society waliokaa kati ya 1973 na 1978 wakichora chombo kiitwacho Daedalus waligonga ukuta huohuo. Kwenye mchoro kilikuwa na tani 54,000, na 50,000 kati yake ni mafuta. Hakikuwa na mtu ndani wala njia ya kusimama. Kingepita karibu na nyota ya Barnard kwa asilimia 12 ya mwendo wa nuru na kwenda zake.

Mtu aliyelelewa kazini na hesabu hii miaka kumi anakuwa na tabia zinazojulikana. Ni bahili. Hapendi kukisogeza chombo. Akipewa amri, swali lake la kwanza ni itakula kiasi gani. Anajua uzito wa kila abiria na ataugundua ukidanganya. Na ukitaka ugomvi mzuri wa sura ya kwanza, usimletee maharamia, mletee kijana aliyepanda na gitaa la kilo 3. Kwa uwiano ule wa 403, gitaa hilo linadai zaidi ya kilo 1,200 za mafuta bandarini. Kijana anaona muziki, rubani anaona tani moja na ushei. Wote wawili wana haki, na hadithi imeshaanza.

Hesabu hiyohiyo inaua zile kona. Hakuna hewa ya kuegemea wala barabara ya kushika tairi. Ukitaka kugeuka lazima uchome. Kwa asilimia 10 ya mwendo wa nuru, ukijisukuma upande kwa mchapuko wa g 1 (kasi ya kuongeza mwendo inayolingana na mvuto wa Dunia), duara la kona yako lina nusu kipenyo cha mara 614 ya umbali wa Dunia na Jua. Kugeuka nyuzi 90 tu kunachukua siku 55 injini ikiunguruma bila kupumzika. Kusimama kabisa, kwa mchapuko uleule, ni siku 35. Kwa hiyo rubani wa safari hizi hakwepi kitu alichokiona kwa jicho. Alikikwepa mwezi uliopita, au hakikwepeki. Punje ya gramu moja ikikigonga chombo kwa mwendo huo inatoa nguvu ya tani 100 na zaidi za kilipuzi cha TNT. Hofu yake haina sauti ya king'ora. Inakaa kwenye ramani, kwenye ngao ya mbele, na kwenye kauli ya mtu wa zamu iliyopita kwamba njia ni nyeupe.

Safari uliyochagua inamchagua mtu

Ukiona siku 35 za breki zinakuchosha, unaruhusiwa kubuni injini ya ajabu isiyoishiwa. Ila ukishabuni, lipa. Mfano unaofanya kazi vizuri ni Proxima Centauri, nyota iliyo jirani na Jua kuliko zote, umbali wa miaka-nuru 4.24 (mwaka-nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Chombo kinachapuka kwa g 1 nusu ya safari, kinageuzwa tezi mbele omo nyuma, yaani mkia mbele pua nyuma, kisha kinapunguza kwa g 1 nusu iliyobaki. Abiria wanatembea sakafuni kama nyumbani, maana g 1 ndiyo uzito wao wa kawaida. Katikati ya safari mwendo unafika asilimia 95 ya nuru. Kalenda ya nyumbani inahesabu miaka 5.9. Kalenda ya chomboni inahesabu miaka 3.5, maana karibu na mwendo wa nuru muda wa chomboni huenda polepole kuliko wa nyumbani.

Tofauti ya miaka miwili na miezi michache kwa upande mmoja. Kwenda na kurudi, karibu miaka mitano. Waandishi wengi huiruka namba hii kwa sababu wanataka karne mia, mama wazikwe na miji isahaulike. Miaka mitano ni mikali zaidi. Pacha wako amekupita umri kiasi cha kuonekana. Mtoto uliyemwacha darasa la kwanza unamkuta sauti imevunjika, wakati wewe ulijiandaa kumkuta mdogo zaidi. Deni la benki limezaa kwa kalenda gani, ya kwako au ya kwao? Mshahara je? Rubani mzoefu ana jibu la maswali hayo kwenye mkataba wake, na kifungu hicho amekisoma mara nyingi kuliko mwongozo wa injini.

Angalia pia anafanya nini miaka yote hiyo. Kazi ya mkono ipo kuondoka, kugeuza tezi katikati, na kufika. Ukijumlisha, ni siku chache ndani ya miaka mitatu na nusu. Mkono usiofanya kazi unasahau. Ndiyo maana chombo cha maana kina chumba cha mazoezi ya kuigiza, na rubani wako anaingia humo kila wiki kufeli. Kufeli ndiko kunakofundisha: mkufunzi, au programu, inaua injini wakati mbaya, inampa namba za uongo, inambania muda. Kama unataka kuonyesha ubora wa rubani bila kumsifu, mwonyeshe akirudia zoezi lilelile mara ya arobaini usiku ambao wengine wanacheza bao.

Na dirishani kuna nini? Kwa asilimia 95 ya mwendo wa nuru, nyota zinakimbilia mbele. Nyota iliyopaswa kuwa ubavuni kabisa inaonekana nyuzi 18 tu kutoka uelekeo wa omo. Nusu ya anga yote imesongamana kwenye mduara huo mdogo, na nyuma kumebaki giza lenye nyota chache zilizofifia. Mistari mirefu ya mwanga inayopita madirishani haipo. Akifika Proxima mambo yanatulia, na hapo mpe kitu cha kuangalia: Kilimia kiko vilevile kama alivyokijua utotoni, maana kiko miaka-nuru 440 hivi na hatua nne hazikibadilishi. Lakini kundi la Cassiopeia limepata nyota moja ngeni inayong'aa. Hiyo ni Jua letu.

Kazi iliyobaki mikononi

Hapa ndipo rasimu nyingi huvunjika. Mwandishi anatoa kompyuta inayojua kila kitu, halafu anaizima ghafla ili shujaa ashike usukani. Msomaji anauliza kwa nini ilizimika leo. Afadhali ugawe kazi mapema: kompyuta inahesabu, mtu anaamua lipi la kuamini.

Apollo 11 ni darasa zuri. Tarehe 20 Julai 1969, wakishuka Mwezini, kompyuta ilipiga kengele namba 1202. Maana yake ilikuwa nimezidiwa kazi, naacha zisizo muhimu. Haikuwa imeharibika. Wataalamu waliokuwa Houston waliijua maana hiyo, wakasema endeleeni. Halafu Neil Armstrong akaona kompyuta inawapeleka penye mawe makubwa, akachukua mkono, akakipeleka chombo mbele kutafuta mahali tambarare huku mafuta ya kushukia yakihesabiwa kwa sekunde. Mapigo ya moyo wake yalifika 150 kwa dakika, na sauti yake haikuonyesha. Jambo la kuchukua kwa mhusika wako ni hili dogo: aliyekuwa na cheo cha rubani wa chombo kile ni Buzz Aldrin, na hakushika usukani. Kazi yake ilikuwa kusoma namba kwa sauti, urefu na mwendo, ili Armstrong asitoe macho dirishani. Watu wawili, mmoja macho, mmoja mdomo. Ukiandika tukio la kutua, gawa hivyo na mazungumzo yatajiandika.

Kitu cha pili ambacho mkono wa rubani unajua na mkono wa dereva haujui ni kumfikia aliye mbele. Tuseme kituo kiko kilomita 100 mbele yako, nyote mko kilomita 400 juu ya Dunia, mwendo wa kilomita 7.67 kwa sekunde. Ukikanyaga mafuta ukifuate, unapanda juu, na juu mzunguko ni mrefu, kwa hiyo unaachwa. Mwaka 1965 James McDivitt ndani ya chombo cha Gemini 4 alijaribu kukisogelea kipande cha roketi yake kwa kukielekea na kuchoma. Kikazidi kumponyoka mpaka ikaamuliwa aache, mafuta yasije yakaisha. Njia sahihi ni kupunguza. Punguza mita 6 tu kwa sekunde, unashuka kidogo, chini mzunguko ni mfupi, na baada ya saa moja na nusu umeila ile kilomita 100. Halafu ongeza zile mita 6 urudi usawa wake. Rubani wako anayepunguza mwendo ili awahi, huku abiria wanapiga kelele kwamba anachelewa, ameshaonyesha ujuzi wake wote bila neno la sifa.

Makosa nayo yana sura yake. Tarehe 16 Machi 1966, Gemini 8 ilipokuwa imeungana na chombo cha Agena, vyote viwili vikaanza kuzunguka. Armstrong na David Scott wakadhani mbaya ni Agena. Wakajitenga, na mzunguko ukaongezeka mpaka karibu mara moja kwa sekunde, kwa sababu jeti (injini ndogo ya kugeuzia chombo) iliyokwama wazi ilikuwa yao wenyewe. Armstrong akazima mfumo mzima wa jeti hizo, akatumia zile zilizowekwa akiba kwa ajili ya kurudi Duniani. Ziliwaokoa, ila kanuni ilisema akiba hiyo ikiguswa safari imekwisha. Wakashuka siku hiyohiyo. Huo ndio muundo wa ajali ya kuaminika: dhana ya kwanza yenye mantiki na isiyo sahihi, suluhisho linalofanya kazi, na bei yake.

Ajali nyingine ni ya kukosa kipimo. Tarehe 25 Juni 1997 Vasily Tsibliyev alikuwa ndani ya kituo cha anga cha Mir akikiongoza kwa mbali chombo cha shehena cha Progress M-34 kuja kufunga gati. Rada ya kupima umbali ilikuwa imezimwa kwa jaribio lile, na kwenye skrini aliona kituo kikiwa juu ya mawingu ya Dunia, picha isiyosema vizuri uko mbali kiasi gani. Progress ikaigonga Spektr, moduli mojawapo ya kituo, hewa ikaanza kutoka. Wenzake wakakata nyaya zilizopita mlangoni ili mlango ufungike. Kituo kikaanza kuzunguka taratibu, na Michael Foale alikadiria kasi ya mzunguko kwa kunyoosha kidole gumba dirishani dhidi ya nyota. Kidole gumba, mwaka 1997. Usiogope kumpa rubani wako vitu vya kizamani: saa ya mkono, uzi, alama ya kalamu kwenye kioo.

Shikamoo ndani ya chumba cha usukani

Kwa msomaji wa Kiswahili hii ndiyo sehemu tajiri kuliko zote, na sijui kwa nini waandishi wetu wanaikwepa.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Tenerife, Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia, watu 583 wakafa. Ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, ilianza kukimbia kabla haijaruhusiwa. Mhandisi wa ndege hiyo aliuliza kama ile nyingine kweli imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye jina kubwa katika shirika, akajibu kwamba imetoka, na swali likafia hapo. Baada ya ajali kama hiyo mashirika yakaanza kufundisha marubani wadogo namna ya kumpinga mkubwa, na wakubwa namna ya kupingwa.

Sasa weka jambo hilo ndani ya chombo ambacho nahodha ni mzee wa miaka 63, rubani ni binti wa miaka 34, na wote wamelelewa pwani. Kumkatiza mzee akizungumza ni utovu wa adabu. Kumwambia umekosea mbele ya watu ni zaidi. Lugha yetu imejaa mito ya kulainisha: samahani, labda, sijui kama, naona kama. Mito hiyo ni mizuri sebuleni. Kwenye mita 40 kutoka gatini inaua. Kwa hiyo chombo chako lazima kiwe na utaratibu unaolinda heshima na uhai kwa pamoja, na utaratibu huo ni mali ya hadithi yako, hakuna atakayekushinda humo.

Mfano wa utaratibu: kwanza taja cheo, kisha namba, kisha ombi, kisha dai jibu. "Kepteni, mita 40, tunaingia sentimita 50, naomba turudi, tumekubaliana?" Ikirudiwa mara mbili bila jibu la maana, rubani anatamka maneno mawili tu, "Nashika mimi," na aliye kwenye usukani lazima ajibu "Shika wewe" na kuinua mikono. Hakuna mjadala hapo. Mjadala ni baada ya kufunga gati. Ukishaweka kanuni hii sura ya pili, msomaji ataingojea sura nzima kumi.

Mwili wake

Nitapita haraka, maana hapa waandishi wengi wako sawa. Zaidi ya nusu ya wanaanga huugua kichefuchefu siku za mwanzo pasipo uzito; uso hujaa, miguu hukonda. Mifupa ya nyonga hupungua asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi, ndiyo maana mazoezi ni saa mbili hivi kila siku. Masikio hudanganya juu na chini, kwa hiyo rubani hufundishwa kuamini kipimo na kuupuuza mwili wake. Kama chombo kinazungushwa ili kupata uzito, fanya hesabu: kwa mizunguko 2 kwa dakika, g 1 inahitaji nusu kipenyo cha mita 224. Ukikipunguza mpaka mita 56 lazima kizunguke mara 4, na anayegeuza kichwa ghafla anatapika. Chombo kidogo kinachozunguka kwa raha hakipo.

Sauti ni kitu kimoja kinachosahauliwa. Nje hakuna sauti, ndani feni haziachi kuvuma, na jeti zikipiga unasikia mshindo kupitia mwili wa chombo. Feni zikinyamaza, rubani anaamka. Pasipo uzito hewa ya moto haipandi, kwa hiyo bila feni hewa chafu unayoitoa inakaa usoni kama shuka.

Maneno na asili

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla halijapanda ndege. Ndiye aliyeijua njia ya kupita kati ya miamba, na nahodha akamsikiliza. Tumia urithi huo. Tezi, omo, ngama, shehena, dira, gati, serahangi, baharia, chombo kwenda mrama: yote yanaingia angani bila kulazimishwa na msomaji anayaelewa. Usiyamwage yote ukurasa mmoja tu. Jina la Zuhura, kwa sababu ni sayari pia, linachekesha mara moja kisha linakuwa mzigo. Hapa chini rubani wetu tutamwita Riziki.

Akihitaji kwao, mpe kwa sababu. Karibu na Malindi, kwenye ghuba ya Ungwana, kuna jukwaa la chuma la San Marco ambako Waitaliano walirusha roketi kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilitoka hapo setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Mahali penyewe ni nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na ikweta inakupa mita 465 kwa sekunde za bure kutokana na Dunia kuzunguka. Uwanja wa roketi wa Baikonur, nyuzi 46 kaskazini, unatoa kama 320. Mtoto wa mvuvi wa pale anaweza kukua akijua kwamba bahari yake ina bei nzuri kuliko jangwa la Kazakhstan. Huo ni utoto wenye kazi ndani ya hadithi.

Tukio moja, mara mbili

Rasimu ya kwanza: *Riziki aliuvuta usukani kwa nguvu zake zote. Chombo kikalia kwa uchungu, kikakata kona, kikakikosa kituo kwa unywele. "Nilijua utaweza!" alisema nahodha.* Nguvu za mikono hazisukumi chombo. Jostiki, kijiti cha kuongozea, inatuma amri tu. Kona tumeshaizika. Na nahodha amepoteza kazi yake.

Rasimu ya pili:

"Mita 40," Riziki alisema. "Hamsini."

Sentimita kwa sekunde. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mzee Athmani hakujibu. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya jostiki, kimetulia.

"Kepteni, mita 37, hamsini bado. Naomba turudi mpaka mia. Tumekubaliana?"

"Nimeiona, binti yangu."

Ameona nini? Namba haikubadilika. Kalamu iliyofungwa kwa uzi ukutani ilikuwa imelalia kushoto, na pasipo uzito kalamu hailalii popote. Kitu kilikuwa kinawasukuma kulia. Mita 34.

"Kepteni, jeti ya kushoto haijafunga. Turudi. Tumekubaliana?"

"Ngoja kwanza."

"Nashika mimi."

Ilipita sekunde mbili, na kwa mwendo ule ni mita moja.

"Shika wewe," alisema Mzee, akainua mikono yote miwili mbele ya kifua kama mtu anayenawishwa.

Riziki hakugusa jostiki. Alifunga kwanza vali ya mstari wa kushoto, akaingojea kalamu. Ilipoacha uzi ulegee, ndipo akapiga jeti za omo, mara moja, mara mbili. Mwendo thelathini. Kumi na mbili. Sifuri. Halafu namba ikaanza kuhesabu kurudi nyuma.

Ona kwamba hakuisukuma jeti iliyokwama kwa jeti ya upande wa pili. Hiyo ingekuwa kumwaga mafuta pande zote mbili. Alikata chanzo, akathibitisha kwa kalamu, kisha akasimamisha. Mpangilio huo, kata, thibitisha, simamisha, ndio unaomtambulisha kwa msomaji anayejua, na kwa asiyejua ni mwanamke aliyetulia tu.

Tukio bado lina mguu mmoja: kitabu cha safari. Kila kilo iliyochomwa inaandikwa, saa inaandikwa, na aliyeshika usukani anaandikwa. Riziki anajaza safu ya mafuta, kilo 61 pungufu, safu ya sababu, vali ya jeti ya kushoto. Safu ya aliyeshika ina mistari miwili, na zamu hiyo lazima isainiwe na wote. Anakiacha kitabu wazi mezani, kalamu juu yake, anaenda kunywa chai. Akirudi anakuta Mzee ameshasaini, na chini ya saini yake ameongeza saa kamili aliyoachia usukani, mpaka sekunde.